Misimu mitatu na Vikings: nilivyojifunza tredi na wachezaji huru kwa kuumia

Nilimtema beki wangu wa pembeni saa nane usiku, mwezi wa Januari, mke na watoto wamelala na hita inavuma ukutani. Nilikuwa natafuta nafasi kwenye dari la mishahara, yaani kikomo cha mishahara yote ya timu, ili nimbakishe Justin Jefferson, mpokeaji wa pasi wa Minnesota Vikings, mmoja wa wachezaji wachache waliopewa alama 99, za juu kabisa, tangu ilipotoka Madden NFL 24, gemu la video la futiboli ya Kimarekani. Beki yule alikuwa ananilia karibu dola milioni 14 kwa msimu. Nikapiga hesabu kichwani: akiondoka, milioni 14 zinarudi. Gemu likaniuliza kama nina uhakika. Chini ya jina lake kulikuwa na mistari miwili ya maandishi madogo. Sikuisoma. Nikabonyeza.

Zilirudi chini ya tano. Zilizobaki ziligeuka adhabu. Mwaka mmoja kabla nilikuwa nimempa bonasi ya kusaini ya milioni 25 kwa mkataba wa miaka mitano. Milioni tano tu ndizo zilizokuwa zimeshahesabiwa. Milioni 20 zilizobaki ziliangukia kwenye vitabu vyangu kwa mpigo, sehemu msimu ule na sehemu msimu uliofuata, kwa ajili ya mtu ambaye hayupo tena. Nilikaa nimeshika pedi hadi taa yake ikazima yenyewe.

Naandika haya kwa sababu nawajua Waswahili wenzangu kadhaa huku Marekani ambao wameanza kuicheza Madden, na wengi wanaingia na akili niliyoingia nayo mimi, akili ya usajili wa soka. Akili hiyo itakuponza. Sikuambiwa na mtu, nikalipa kwa misimu mitatu ya gemu, kwa usingizi, na kwa urafiki mmoja ambao nusura uvunjike.

Mimi ni mtu wa Tanga, nimekua na Coastal Union. Nilipokuwa mdogo, dirisha la usajili lilikuwa kama sikukuu: nani anatua, nani anatemwa, nani kamaliza mkataba na anaondoka bure. Hadi leo nikisikia maneno "dirisha dogo" moyo unanidunda. Nilipohamia Minnesota nikapata kazi ghalani, zamu ya alfajiri, pamoja na watu ambao kwao "futiboli" ni ule mchezo wa kofia ngumu na mpira wa mviringo mrefu. Nilichukua miaka miwili kuuelewa. Siku moja nikajikuta napiga kelele mbele ya televisheni pamoja nao.

Agosti 2023 gemu jipya lilipotoka, kijana mmoja wa idara ya kupakia akaanzisha ligi ya mtandaoni. Madden ni jina la kocha, John Madden, aliyeipa Oakland Raiders ubingwa wa Super Bowl, fainali ya ligi ya futiboli ya Kimarekani, NFL, mwezi Januari 1977, kisha akawa mtangazaji mpendwa hadi alipofariki Desemba 2021. Ndani ya gemu kuna sehemu iitwayo Franchise ambako wewe ni kocha na meneja kwa pamoja: unacheza mechi, unasaini mikataba, unachagua vijana kwenye drafti, unabadilishana wachezaji na timu nyingine. Inachukua hadi watu 32, kila mmoja na timu yake. Sisi tulikuwa 12 na timu zilizobaki ziliendeshwa na kompyuta. Kila siku mbili kamishna wetu, msimamizi wa ligi, alisogeza ligi wiki moja mbele, kwa hiyo msimu mzima pamoja na mapumziko yake ulichukua kama miezi miwili.

Wenyeji wawili waliing'ang'ania Vikings mpaka wakanuniana. Kamishna akakata mzizi wa fitina kwa kumpa timu mtu asiye na historia nayo. Mtu huyo ni mimi. Tangu siku ile tulianza kuitana kwa timu zetu, na mpaka leo kuna watu kazini nawajua kama Bwana Titans na Bwana Bears, na wao wananiita Vikings hata kwenye foleni ya kahawa.

Gharama za kuingia hazikuwa ndogo kwangu. Gemu lenyewe dola 70, ada ya kila mwezi ya kucheza mtandaoni, na kiweko cha kuchezea gemu nilichonunua kwa mtu kikiwa kimetumika. Nilimwambia mke wangu bei ya gemu tu. Hilo nalo lilikuja kunigharimu baadaye.

Sasa tuje kwenye akili ya usajili. Katika soka nililolijua, mwenye mkwanja ndiye anayepata mchezaji. Tajiri akitaka, anavunja benki, anasaini watano kwa wiki. NFL haiko hivyo. Kila timu ina dari moja la mishahara, na mwaka 2023 lilikuwa dola milioni 224.8 kwa kila klabu, kubwa kwa ndogo. Hakuna ada ya uhamisho. Ukimtaka mchezaji aliye na mkataba kwingine, unatoa mchezaji, au unatoa chaguo lako la drafti, yaani haki yako ya kuchagua kijana wa chuo kikuu katika mojawapo ya raundi saba. Hiyo ndiyo tredi. Kwa kuwa fedha zote zinalingana, kitu pekee unachoweza kutumia zaidi ya mwenzako ni miaka yako ijayo. Ningelielewa hilo siku ya kwanza, nisingekuwa na simulizi hii.

Wiki ya tatu ya msimu wa kwanza nilifungua ukurasa wa tredi nikamuona Derrick Henry wa Tennessee Titans, mkimbiaji, yaani mtu wa kubeba mpira na kukimbia nao. Huyu bwana mwaka 2020 alikimbia yadi 2,027 katika msimu mmoja, mwili kama kontena. Nilikuwa nimeshinda mechi mbili na nilijiona bingwa. Nikampelekea Bwana Titans ofa: chaguo langu la raundi ya kwanza la mwaka unaofuata na la raundi ya pili la mwaka ule wa mbele yake. Alikubali ndani ya dakika nne. Ukiona mtu mwenye akili amekubali ndani ya dakika nne, rudi usome ofa yako. Mimi nilipiga ngumi hewani.

Sikutazama vitu viwili. Umri wake: 29, na katika gemu hili wakimbiaji huanza kuporomoka wakiwa na miaka 27 au 28, alama zao za kasi zikishuka kila mapumziko. Na mkataba wake: ulikuwa unaisha mwisho wa msimu uleule. Nilikuwa nimekodi mtu kwa miezi miwili kwa bei ya kununua nyumba.

Hapa nimtendee haki Henry wa kweli. Alipomaliza mkataba Tennessee alikwenda Baltimore Ravens, na mwaka 2024, akiwa na miaka 30, alikimbia yadi 1,921. Mwanadamu anaweza kuishinda hesabu ya umri. Ndani ya gemu sijaona akiishinda.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa zamu yetu, mshabiki wa Vikings tangu utoto, ambaye hata hachezi gemu. Alisikia watu wakinitania chumba cha mapumziko akanisogezea kiti. Akaniuliza kama nimewahi kusikia jina la Herschel Walker. Nikasema hapana. Akaweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayetaka kuzungumzia msiba.

Oktoba 1989, akanieleza, Vikings waliamini wamebakiza mchezaji mmoja tu kuufikia ubingwa. Dallas Cowboys walikuwa na mkimbiaji huyo, Walker, lakini timu yao ilikuwa hoi; msimu ule walimaliza wameshinda mechi moja na kupoteza 15. Kocha wao mpya, Jimmy Johnson, alikubali kumtoa nyota wake. Alipewa wachezaji watano pamoja na lundo la machaguo ya drafti. Watu wa Minnesota walishangilia. Walker alikaa hadi msimu wa 1991, Super Bowl hawakuifikia, kisha akaondoka. Dallas waliyatumia machaguo yale, mengine wakiyabadilisha kupanda juu kwenye drafti, wakampata Emmitt Smith mwaka 1990 na Darren Woodson mwaka 1992. Wakatwaa ubingwa wa misimu ya 1992, 1993 na 1995.

Kisha akabandua lebo ya boksi iliyoharibika, akaigeuza upande mweupe na kunichorea jedwali ambalo Cowboys wa enzi hizo walilitumia kupima thamani ya machaguo. Chaguo la kwanza kabisa ni pointi 3,000. La pili 2,600. La 32, mwisho wa raundi ya kwanza, ni 590. Mkono wake ulikuwa unatetemeka kidogo na tarakimu zilipinda kuelekea pembeni, lakini alizijua kwa kichwa, kama mtu anayejua namba za simu za watoto wake. Lebo ile nimeibandika pembeni ya televisheni yangu. Tangu aliponipa sijawahi kutuma ofa bila kuitazama.

Henry alinikimbilia yadi 1,500 na ushee. Tukashinda mechi 11, tukapoteza sita, tukatolewa mechi ya kwanza ya mtoano. Siku mkataba wake ulipoisha akaenda timu nyingine bila mimi kupata hata chaguo la raundi ya saba. Bwana Titans, kwa chaguo langu, alimchukua kijana wa miaka 21, mlinzi wa kushoto wa kwotabeki, yaani mrusha pasi mkuu. Msimu wa tatu kijana yule alikuwa na alama 91. Nimepambana naye na sijampita hata mara moja.

Nilichofanya baada ya hapo ni kosa kubwa zaidi, kwa sababu kosa la Henry lilinitia aibu na aibu ikanitia haraka.

Vikings wa 2023 walikuwa na mikataba mikubwa inayoisha, ukiwemo wa kwotabeki Kirk Cousins na wa mkaba-kwotabeki hatari Danielle Hunter. Gemu hukuruhusu kuzungumza na wachezaji wako katikati ya msimu, kabla hawajawa huru. Mimi nilikuwa nacheza mechi tu, ukurasa wa mikataba nikiufungua mara moja moja. Nilipokuja kushtuka msimu umekwisha. Ipo kinga moja ambayo NFL huwapa klabu, kumfunga mchezaji mmoja kwa mwaka mmoja kwa mshahara mkubwa uliopangwa, lakini ni mmoja tu. Nikamfunga Cousins. Hunter akaondoka. Miezi michache baadaye, Machi 2024, hali halisi ikawa karibu vilevile: Hunter alikwenda Houston na Cousins mwenyewe Atlanta kwa mkataba wa miaka minne wenye thamani ya milioni 180. Nilisoma habari ile nikiwa kwenye basi na nikahisi uchungu kana kwamba mimi ndiye niliyezembea tena.

Basi nikaingia soko la wachezaji huru nikiwa na pengo na hasira. Soko hili huenda kwa hatua. Unatuma ofa yenye miaka, mshahara na bonasi, timu nyingine zinatuma zao, kisha kamishna anasogeza na wachezaji wanaamua. Hatua ya kwanza ndiyo ghali kuliko zote, watu wote wana pesa na wana njaa. Nilituma ofa tano nikiamini nitampata mmoja. Watatu walikubali usiku uleule, akiwemo yule beki.

Mpaka leo najiuliza ilikuwaje nikampa miaka mitano mtu mwenye umri wa miaka 30. Jibu ni bonasi. Gemu hugawanya bonasi ya kusaini sawasawa katika miaka ya mkataba, kwa hiyo ukiongeza miaka na kuhamisha pesa kutoka mshahara kwenda bonasi, namba ya mwaka wa kwanza inapungua na inakaa vizuri chini ya dari. Kila nilipobonyeza kuongeza mwaka, nafasi yangu ilionekana kupanuka. Kumbe nilikuwa nakopa. Mshahara unakoma siku unapomtema mtu. Bonasi haikomi, uliisaini, ni yako, na ukimtoa kwa tredi pia inabaki kwako wala haimfuati anakokwenda. Kwa hiyo ukitaka kujua kama mkataba ni mzuri, usitazame mwaka wa kwanza. Fungua ukurasa, nenda mwaka wa pili na wa tatu, na ujiulize ukimtema siku ile utadaiwa kiasi gani. Namba hiyo gemu linakuonyesha. Ndiyo mistari miwili ile ambayo sikuisoma.

Toleo hili lina pia kitufe cha kupanga upya mkataba, kubadili mshahara wa mwaka huu kuwa bonasi ya miaka ijayo. Nilikitumia kwa watu wawili kabla sijakielewa. Ni mkopo uleule kwa jina jingine.

Kuna mpokeaji mmoja nilimkosa usiku ule ingawa ofa yangu ilikuwa kubwa kuliko zote. Alikwenda Miami. Nikalalamika kwa kamishna kwamba gemu lina hitilafu. Akaniambia nifungue ukurasa wa mchezaji nisome mambo anayoyapa uzito. Kumbe kila mmoja ana yake: mwingine anataka ubingwa, mwingine kuwa karibu na nyumbani, mwingine kuwa wa kwanza katika nafasi yake. Yule bwana alikuwa anapenda jimbo lisilotoza kodi ya mapato. Florida haitozi, wala Texas, Tennessee au Nevada. Minnesota inatoza. Kesho yake ilikuwa siku ya malipo kazini. Nikafungua karatasi ya mshahara wangu, nikautazama mstari wa kodi ya jimbo ambao kila wiki mbili naupita bila kuusoma, na nikamwelewa kabisa. Tangu siku hiyo sihangaiki na mchezaji ambaye mambo yake matatu yote yananikataa. Natafuta wale wanaotaka kitu nilichonacho, na hao hukubali hata pungufu kidogo ya bei.

Msimu wa pili ulikuwa giza. Tulishinda mechi tano, tukapoteza 12. Wiki ya sita kwotabeki aliumia na sikuwa na nafasi kwenye dari hata ya kusajili mkongwe wa kuziba pengo. Hapo ndipo nilipoharibikiwa kama mtu, si kama meneja tu. Usiku mmoja nilituma ofa 14 za tredi kwa watu tofauti kati ya saa sita na saa tisa, nyingine za ovyo, nikitumaini mmoja atasinzia akubali. Nikajaribu pia kuzikamua timu za kompyuta, wachezaji watatu wa kawaida kwa mmoja mzuri, kwa sababu nilikuwa nimegundua kompyuta hupenda idadi. Tulikuwa tumekubaliana kila tredi ya aina hiyo ipigiwe kura kwenye kundi letu la simu kabla ya kubonyeza. Kura zilikuja tisa za hapana. Bwana Titans akaandika kwamba nilimpa yeye vitu kwa hiari yangu na sasa nataka kuiba kwingine. Nikamjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Asubuhi nikafika kazini nimelala kwa saa mbili tu. Nilikosea kuandika pallet mbili, msimamizi akanionya kwa maandishi. Jioni mke wangu akaniuliza kiweko kilinigharimu shilingi ngapi kwa pesa ya kwetu, na ilibidi nimwambie ukweli. Hakufoka. Aliniambia tu kwamba kwa wiki mbili mfululizo nimekuwa nikijibu "subiri" kabla hajamaliza sentensi. Nilimuomba radhi yeye kwanza. Kisha nikamfuata Bwana Titans kwenye maegesho, uso kwa uso, nikamuomba radhi na yeye. Alinipa mkono. Akaniambia kitu ambacho kimenisaidia kuliko jedwali lile: "Usitume ofa. Nipigie uniulize nina shida gani."

Nilibadilika kuanzia hapo, ingawa deni la beki nilikuwa bado sijalijua. Ndilo lililonikuta Januari ile. Kwa kuwa nafasi haikupatikana, Jefferson nilimfunga kwa kinga ya mwaka mmoja, mshahara mkubwa uliokula kila senti iliyobaki, na nikaingia msimu wa tatu na kikosi cha vijana na wakongwe wa mkataba wa mwaka mmoja.

Na hao wakongwe ndio walionifundisha soko. Hatua ya kwanza ya wachezaji huru nilikaa pembeni kabisa. Ilinichoma, kuona majina yanaondoka mmoja baada ya mwingine. Lakini kila hatua iliposogea, waliobaki walishusha madai yao. Wiki ya mwisho nilimpata mlinzi wa katikati mwenye alama 80 kwa bei ya chini kabisa, mwaka mmoja, bonasi karibu sifuri. Watu wanne wa namna hiyo walinigharimu pungufu ya nusu ya beki mmoja.

Kwenye tredi nikaanza kuuza mapema. Mkimbiaji wangu wa miaka 26 alikuwa na msimu mzuri, na zamani ningemkumbatia. Nikampigia Bwana Bears, nikamuuliza ana shida gani. Akaniambia wakimbiaji wake wote wameumia. Tulizungumza dakika 20, zaidi kuhusu watoto wake kuliko mpira, na tukamalizana kwa chaguo la raundi ya pili na kijana wa miaka 22 mwenye alama 74. Wengine walishangaa: 74? Hawakutazama daraja lake la ukuaji. Gemu lina madaraja manne, la kawaida, Star, Superstar na X-Factor, na linaamua mchezaji atakua kwa kasi gani. Yule kijana alikuwa Superstar. Daraja la vijana wapya hufichwa mpaka wacheze vya kutosha, ndiyo maana siku hizi napenda kuulizia wa mwaka wa pili ambao wenzangu wamewasahau benchi. Na vijana wangu mwenyewe wanaoelekea kumaliza mkataba nazungumza nao katikati ya msimu, kabla alama hazijapanda na bei nayo haijapanda.

Kuna jambo moja ambalo bado sina jibu lake. Kuuza mapema ni hesabu sahihi, lakini Bwana Bears alinisaidia kipindi ambacho wengi hawakutaka hata kunijibu, na mkimbiaji niliyemuuzia alishuka alama nne mapumziko yaliyofuata. Alijua umri wake, aliona kila kitu nilichoona. Hata hivyo nilipokutana naye ghalani nilimnunulia kahawa bila kueleza kwa nini, na nadhani alijua.

Wiki ya saba ya msimu wa tatu tulikuwa tumeshinda nne na kupoteza tatu. Simu ikalia saa nne usiku. Bwana Titans. Siku zile alikuwa anaelekea ubingwa na mpokeaji wake mkuu alikuwa ameumia goti. Anamtaka Jefferson. Anatoa machaguo mawili ya raundi ya kwanza, moja la raundi ya pili, na, hapo alisita kidogo, yule mlinzi wa kushoto wa alama 91 aliyetoka kwenye chaguo langu.

Nikafungua ukurasa wa mkataba wa Jefferson, miaka 26, unaisha mwisho wa msimu. Nikafungua wa mlinzi, miaka 23, nikashuka hadi mistari miwili ya chini na kuisoma yote, mara mbili. Nikaitazama lebo ya boksi. Mke wangu alikuwa kwenye kochi anakunja nguo za watoto, akaniuliza nani anapiga usiku huu. Nikamwambia. Akauliza mnaamua nini.

Nikamwambia Bwana Titans anipe hadi kesho saa sita mchana, tukutane chumba cha mapumziko na mzee awepo. Nikazima kiweko, nikamsaidia kumalizia soksi, zamu yangu inaanza saa kumi na moja.